Ng'ombe Hatengenezi Mbolea, Anaihamisha

Mwishoni mwa mwezi wa nane, simama kando ya barabara ya kwenda Kibosho, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, uhesabu toyo, zile pikipiki za matairi matatu za mizigo. Zinapanda mlima zimebebeshwa mabua ya mahindi mpaka dereva haonekani, unaona rundo tu linatembea. Mabua yametoka tambarare, huko Kahe, Mabogini na Chekereni, ambako mahindi ya masika yamevunwa wiki mbili tatu zilizopita. Yanakwenda kwenye mabanda ya ng'ombe wa vihambani. Baada ya saa moja au mbili toyo zilezile zinashuka, na zinashuka tupu.

Safari hiyo nimeiona tangu utoto, enzi mizigo inapanda juu ya vichwa vya mama zetu, na kwa miaka mingi sikuona ndani yake jambo la kuuliza. Shuleni tuliambiwa kilimo mchanganyiko ni duara. Mwalimu alichora ubaoni: ng'ombe anakula majani, anatoa samadi, samadi inalisha mgomba, mgomba unatoa majani, majani yanarudi kwa ng'ombe. Mishale ikazunguka vizuri, tukanakili, tukapata alama. Duara lile linapendeza, ila lina uongo ndani yake. Kinachofanyika kwetu kinafanana zaidi na mfongo, ule mfereji wetu wa maji ya kumwagilia: una chanzo chake na una mwisho wake. Tofauti ni kwamba mifongo ya maji inashuka, na huu wa rutuba unapanda.

Nikisema hivyo mbele ya wafugaji hukunja uso, kwa hiyo niende taratibu.

Kihamba kinakula wapi

Kihamba cha Mchagga, kwa asiyekijua, ni shamba na makazi kwa pamoja, kwenye ukanda wa mlima ulio kati ya mita 1,000 na 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari. Juu kuna miti, mringaringa na mgrevilea. Chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, chini ya kahawa magimbi, maharage na mboga. Kiazi kikuu kinapanda mti. Mpakani masale, mmea tunaoutumia kama uzio. Karibu na nyumba kuna banda, na ndani ya banda ng'ombe mmoja au wawili, mbuzi, pengine nguruwe, na hao hawatoki kwenda malishoni kwa sababu malisho hayapo. Mwaka 2011 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, iliutambua mfumo huu kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia, na eneo lililochukuliwa kama mfano ni Shimbwe Juu, Moshi Vijijini.

Mgeni akifika huuliza swali moja, nalo ni swali zuri: shamba dogo hivi, lisilopumzishwa, limelimwa vizazi na vizazi, mbona halijachoka? Mwenyeji atajibu bila kufikiri: mbolea ya ng'ombe. Ni kweli. Udongo wa volkano nao una mchango wake, na mizizi ya miti inachota virutubisho chini sana na kuvirudisha juu kwa majani yanayodondoka. Lakini ng'ombe hana kiwanda tumboni. Naitrojeni, fosforasi na potasiamu zinazotoka nyuma ni zilezile zilizoingia mbele, tena zimepungua. Katika kila kilo nne za naitrojeni anazokula ng'ombe wa maziwa, takribani kilo moja huishia kwenye maziwa na mwili, na kilo tatu hutoka kwenye kinyesi na mkojo.

Sasa chukua ng'ombe anayelishwa majani ya kihamba chenyewe peke yake. Kihamba kinatoa nne, kinarudishiwa tatu, na hapo tumejalia hakuna kilichomwagika njiani. Ng'ombe wa namna hiyo hanenepeshi shamba, analikata kodi. Kinachokinenepesha kihamba ni majani na mabua yanayotoka nje ya masale yake. Rutuba unayoiona chini ya migomba ya Kibosho, Uru au Marangu ni rutuba ya hapohapo, lakini pia ni ya Kahe, ni ya kingo za barabara, ni ya kila mahali ambapo mama aliwahi kuinama na mundu.

Upande wa pili wa hesabu ni huko tambarare. Ekari iliyotoa magunia kumi ya kilo 100 imetoa tani moja ya punje, na punje hizo zimeondoka na naitrojeni kama kilo 15. Hilo halina ubishi, tumevuna ili tule. Lakini kwenye ekari hiyohiyo yamebaki mabua, nayo yanakaribia au kuzidi kidogo uzito wa punje. Tani moja ya mabua makavu ina naitrojeni kilo 6 hadi 8, na ina potasiamu nyingi kuliko iliyomo kwenye punje zenyewe. Ukijumlisha, ekari imepoteza naitrojeni kilo 22 hivi kwa msimu mmoja. Mfuko wa urea wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23. Kwa hiyo kila msimu, kila ekari, kama vile mtu anakuja usiku na kubeba mfuko mzima wa urea, na hatumfukuzi kwa sababu ni sisi wenyewe.

Potasiamu yake ndiyo inayonichekesha zaidi. Mgomba ni mlafi wa potasiamu. Mabua yanaipandisha mlimani, ng'ombe anaipitisha, mgomba unaimeza, mkungu unapakiwa lori pale sokoni Mwika unakwenda Dar es Salaam. Anayekula mtori Sinza anakula udongo wa Kahe.

Ndoo inayovuja

Kama ng'ombe ni mbebaji, basi swali la kwanza la mfugaji ni hili: mzigo unamwagika kiasi gani? Hapa ndipo mabanda mengi ninayoyajua yanapofeli, likiwemo letu kwa miaka mingi.

Ng'ombe wa kilo 400 hivi akishiba, anakula kilo 12 za chakula kikavu kwa siku. Kama chakula hicho kina protini ya asilimia 10, kinyesi na mkojo wake vitatoa naitrojeni inayokaribia kilo 55 kwa mwaka, yaani zaidi kidogo ya mifuko miwili ya urea. Watu wakisikia hivyo hufurahi na kutazama lundo la samadi. Lakini kama nusu ya naitrojeni hiyo haimo kwenye lundo. Imo kwenye mkojo. Na mkojo, kwenye banda lenye sakafu ya udongo, unazama palepale anaposimama ng'ombe, au unatiririka chini ya ukuta kwenda kwa jirani. Pale nyuma ya banda letu kulikuwa na mti wa parachichi uliokuwa ukizaa kuliko miti yote ya kijiji, na tuliamini ni mbegu nzuri.

Halafu kuna inayopaa. Ile harufu inayochoma pua ukifungua banda alfajiri ni amonia, na amonia ni naitrojeni iliyoota mabawa. Lundo lililoachwa wazi juani likae miezi minne mitano linaweza kupoteza nusu ya naitrojeni yake, na mvua ya masika ikilinyeshea, potasiamu inayeyuka na kwenda na maji meusi yale tunayoyaruka tukienda kukamua. Mtu anasomba samadi ile kwa toroli, jasho linamtoka, kumbe amebeba zaidi makapi.

Dawa yake haina siri, na si ghali kama kununua ng'ombe wa pili. Sakafu ya zege au ya mawe yaliyopangwa na kuzibwa, iwe na mteremko kidogo, mfereji, na shimo dogo la kupokea mkojo. Matandiko ya kunyonya: majani makavu ya mgomba, pumba za mbao, maganda ya kahawa, mabaki ya mabua aliyoyakataa kwenye kihori. Lundo lifunikwe kwa majani ya mgomba na liwe kivulini. Ningepewa kuchagua kati ya kumshauri mfugaji mdogo aongeze ng'ombe au amwage zege, ningesema zege, na nimeshasema hivyo kwenye vikao viwili ambako hawakunipigia makofi.

Wenye bayogesi wana bahati hapa. CAMARTEC, kituo cha teknolojia ya kilimo pale Arusha, wamekuwa wakihangaika na mitambo hiyo tangu miaka ya 1980, na mpaka leo kuna wanaoamini gesi inaondoka na nguvu ya mbolea. Haiondoki nayo. Gesi inayowaka jikoni ni kaboni na haidrojeni. Naitrojeni inabaki kwenye tope linalotoka upande wa pili, tena ikiwa katika hali ambayo mimea huichukua haraka zaidi. Shida ya tope ni uzito wake, kwa kuwa karibu lote ni maji. Ukiwa na migomba hatua kumi kutoka kwenye mtambo, unalimwaga kwa ndoo. Kulipeleka Kahe, sahau.

"Samadi imeniharibia mahindi"

Malalamiko haya nimeyasikia Ngaramtoni, nimeyasikia Himo. Mkulima amemwaga samadi, mahindi yakaota yakawa ya njano. Mwenzake asiyemwaga kitu mahindi yake ni kijani. Anaapa hatarudia.

Mara nyingi samadi hiyo ilikuwa nusu mabua. Bakteria wanaoozesha mabua wanahitaji naitrojeni ili wafanye kazi, na mabua hayana ya kuwatosha, kwa hiyo wanaikopa kwenye udongo, kabla mahindi hayajaifikia. Deni hulipwa, lakini hulipwa wiki kadhaa baadaye, wakati mahindi yameshadumaa. Samadi iliyoiva, nyeusi, isiyo na harufu kali, ambayo bua ukilishika linakatika lenyewe, haina deni hilo. Mbichi kabisa nayo ina ubaya wake wa kuunguza mizizi na kusambaza mbegu za magugu zilizopita salama tumboni.

Hata iliyoiva haina haraka. Msimu wa kwanza mmea hupata kama robo au theluthi ya naitrojeni iliyomo. Iliyobaki hutoka polepole misimu inayofuata. Ndiyo maana mgomba, usio na haraka, unaipenda samadi, na mahindi yenye miezi mitatu ya kufanya kila kitu yanahitaji msukumo. Kuna watu wamefanya suala la samadi na mbolea ya dukani kuwa kama la dini mbili. Konzi mbili za samadi kwenye shimo wakati wa kupanda, kisha urea kidogo ya kukuzia, hufanya kazi kuliko mojawapo peke yake, kwa sababu samadi inashika maji na kushika ile urea isikimbie na mvua. Mbolea ya kuku ni habari nyingine. Hiyo ni kali, ina naitrojeni nyingi zaidi kwa kila kilo, na ndiyo inayounguza bustani za watu wanaofikiri samadi zote ni sawa.

Kilo sitini kwa siku

Turudi kwenye kihori. Kilo 12 za chakula kikavu zinasikika kidogo. Lakini mabingobingo, nyasi ndefu za malisho, yakiwa mabichi yana maji karibu asilimia 80, kwa hiyo kilo 12 kavu ni kilo 60 mbichi. Hiyo ni mizigo mitatu mizuri ya kichwani kila siku, Jumapili na sikukuu zimo, kwa ng'ombe mmoja. Ongeza maji: ng'ombe anayekamuliwa hunywa lita 40 hadi 60, na zaidi kukiwa na joto, yaani madumu mawili au matatu.

Kwa mvua zetu za kawaida, ng'ombe mmoja anahitaji takribani ekari nzima ya mabingobingo yanayotunzwa na kuwekewa mbolea. Vihamba vingi, baada ya baba kugawia wana na wana kugawia wana, havifiki hata hekta moja, na humo ndani kuna nyumba, makaburi ya wazee, kahawa na migomba. Ekari ya majani itoke wapi? Haitoki. Kinachotokea ni mabingobingo kwenye kingo za makinga maji, nyasi za gwatemala mpakani, na kiangazi kikifika, mgomba wenyewe unakatwakatwa na kuingia kwenye kihori.

Mgomba una maji kuliko hata mabingobingo, kwa hiyo unasaidia ng'ombe asife kiu, lakini protini yake ni hafifu. Mabua nayo yana protini ya asilimia 3 hadi 5 tu. Hapa kuna jambo la kulielewa vizuri, kwa sababu linaeleza kwa nini ng'ombe wa mwezi wa pili anasimama na tumbo limejaa na mbavu zinahesabika. Majani hayameng'enywi na ng'ombe. Yanameng'enywa na vijidudu walio kwenye tumbo lake kubwa, na vijidudu hao wakipata chakula chenye protini chini ya asilimia 7 hivi, wanazorota. Mabua yanakaa tumboni siku nyingi, nafasi inajaa, ng'ombe anaacha kula. Ameshiba na ana njaa kwa wakati mmoja. Maziwa yanashuka, hashiki mimba, na samadi yake ni nyasi zilizosagwa, karibu haina kitu. Mfugaji mwenye ng'ombe watatu wa aina hiyo ana kazi ya watatu, maziwa ya mmoja, na mbolea ya nusu.

Kinachohitajika ni protini ndogo ya kuwaamsha wale vijidudu. Mashudu ya alizeti yanafaa, kwa mwenye hela. Asiye nayo aangalie miti ya jamii ya mikunde. Watafiti wa Embu, Kenya, nyanda za juu zinazofanana na zetu, waligundua kwamba kilo tatu za majani mabichi ya kaliandra zinaweza kufanya kazi ya kilo moja ya chakula cha dukani cha ng'ombe wa maziwa. Kwa kilo sita kila siku mwaka mzima walihesabu vichaka kama 500. Inatisha ukiisikia. Lakini panda vichaka hivyo kwa nusu mita kutoka kimoja hadi kingine kwenye mstari, ni mita 250, na mita 250 ndio mzunguko wa ekari moja ya mraba. Yaani ukipanda upande wa ndani wa masale, bila kung'oa mgomba hata mmoja, umemaliza. Lukina nayo ni nzuri, ila isizidi theluthi ya chakula chake, ina sumu inayojijenga taratibu. Desmodiamu, mkunde mwingine, inatambaa chini ya mabingobingo na kufunga naitrojeni.

Neno hilo la mwisho ndilo linalovunja ule mkosi wa kuhamisha. Mikunde huchukua naitrojeni hewani. Haichukui kwa Kahe. Ukiacha mfuko wa dukani, hakuna njia nyingine ya maana ya kuingiza naitrojeni mpya shambani bila kumpora mtu, na ndiyo maana maharage kati ya mahindi, mbaazi, na uzio wa kaliandra vina haki ya kuhesabiwa kama mifugo.

Tahadhari mbili kabla sijasahau. Kulisha ndani hakumkingi ng'ombe na ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, kwa sababu kupe hupanda pamoja na majani yaliyokatwa kwenye malisho ya ng'ombe wengine. Na wenye kondoo wasiwape majani yaliyokatwa chini ya kahawa iliyopigwa mrututu au dawa nyingine za shaba. Ini la kondoo hukusanya shaba kimyakimya, mpaka siku moja anadondoka, na watu wanaanza kuangaliana.

Nani anabeba

Wataalamu wakizungumzia kilimo mchanganyiko huzungumzia mbegu, banda na mbolea. Mimi naona mhimili wa kihamba ulikuwa miguu. Watoto saba nyumbani, kila mmoja na mzigo wake kabla ya shule. Mama anashuka tambarare alfajiri na kupanda na mzigo wa majani jua likiwa kali. Leo watoto hao wako Dar es Salaam na Mwanza, wanakuja Desemba kuchinja mbuzi, na Januari wanaondoka wameacha bibi na babu na ng'ombe anayetaka kilo 60. Ukiona kihamba kimechakaa, usikimbilie kulaumu udongo.

Kahawa nayo ilikuwa na sehemu yake. Fedha ya kahawa kupitia chama cha msingi na KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro ulioanzishwa 1933, ilikuja mara moja kwa mwaka, ikalipa ada na kununua pembejeo. Mwaka 1989 makubaliano ya kimataifa yaliyokuwa yanashikilia bei ya kahawa yalivunjika, bei ikaanguka, na maziwa yakachukua nafasi ya kahawa kama fedha ya nyumbani. Maziwa yana uzuri wake: shilingi inaingia kila siku, na ng'ombe mwenyewe ni akiba unayoweza kuiuza mtoto akiugua. Lakini kahawa haikuhitaji mizigo mitatu kwa siku. Tulibadilisha chanzo cha fedha na kuongeza mzigo wakati wabebaji wanaondoka.

Wazee walilijua jambo hili kwa namna yao. Mwenye ng'ombe wengi alikuwa akimkabidhi mwenzake mmoja amfugie kwenye banda lake. Mfugaji anapata maziwa, na siku ya kuchinja anapata sehemu yake ya nyama, na siku zote hizo samadi ni yake. Samadi ilikuwa sehemu ya malipo. Mipango ya baadaye ya kopa ng'ombe lipa ng'ombe, ambapo unapewa mtamba na kumpa jirani mtamba wa kwanza atakayezaliwa kwako, ilikuta watu waliokwisha kuzoea wazo kwamba ng'ombe anaweza kukaa kwako bila kuwa wako.

Upande wa Arusha kuna ndoa nyingine ya mazao na mifugo, ambayo si ya shamba moja. Kwenye miteremko ya Meru, Wameru na Waarusha wanalima na kufuga kama sisi. Ukishuka chini kunapokauka, mkulima na mfugaji wa Kimaasai walikuwa wanakutana baada ya mavuno: ng'ombe wanaingia shambani, wanakula mabua yakiwa yamesimama, wanaacha kinyesi palepale. Hakuna aliyebeba kitu kichwani. Sehemu kubwa ya rutuba ya mabua ilibaki kwenye shamba lake, na ng'ombe waliolala pale waliongeza kidogo kutoka malishoni. Siku hizi mabua yana bei. Mkulima anayauza kwa toyo, mfugaji anaambiwa alipe, na palipokuwa na maelewano pana kelele. Simlaumu anayeuza. Fedha ya mabua anaiona leo, na theluthi ya mfuko wa urea iliyomo ndani yake haionekani kwa macho.

Bei ya haki ya bua ingekuwa ipi? Angalau ijumlishe naitrojeni na potasiamu inayoondoka. Au sehemu ya mabua, tuseme theluthi, ibaki imetandazwa shambani izuie jua na mmomonyoko. Au toyo isishuke tupu.

Hili la mwisho tulilijaribu wenyewe mwaka jana. Samadi mbichi haibebeki umbali huo, lakini iliyoiva na kukauka kivulini ni nyepesi, na dereva anayeshuka bila mzigo hana ubishi mkubwa wa bei. Nilijaza magunia kumi Februari, ili yafike Kahe kabla ya mvua za masika, yatoshe mistari ya karibu na barabara kwa konzi mbili kila shimo. Mama akatoka jikoni akasimama mlangoni, anafuta mikono kwenye kanga.

"Unakipeleka wapi chakula cha migomba yangu?"

"Kahe, mama. Ni chakula cha Kahe tangu mwanzo."

Alikaa kimya kidogo, akayahesabu magunia kwa kidole mara mbili. Tisa akayaachia. La kumi akamwambia dereva alishushe, alirudishe kule nyuma ya banda.